Rundo la Kumi na Tatu

Mwanangu, sogea karibu, maana sauti yangu imechoka kama magoti yangu. Nakumbuka siku moja ambayo ningefurahi kuisahau, lakini umri umeninyang'anya mengi na hiyo umeniachia.

Ilikuwa enzi ya Wabelgiji. Kila mwanamume kijijini kwetu, upande wa Wamaza huko Kabambare, alilazimishwa kulima shamba la pamba, na aliyechelewa alionja fimbo. Baba yangu aliionja mara mbili. Mwalimu peke yake ndiye ambaye hakuguswa, wala watu wa nyumba yake. Kwa hiyo niliposikia kuna mtihani wa kuingia shule ya walimu kule Kasongo, baba alinipa viatu vyake, jozi pekee aliyokuwa nayo, akaniambia, "Enda, mutoto wangu. Mimi mugongo yangu imechoka."

Nilitembea siku nne. Viatu nilivibeba kichwani ili visichakae, nikavivaa mlangoni tu. Ujana bwana!

Swali la mwisho lilitaka tuivunje namba 2652 mpaka zibaki namba tasa tupu, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Nikacheka moyoni. Bandu bandu huisha gogo: nikagawa kwa mbili, tena kwa mbili, kisha kwa tatu, ikabaki 221. Nikajaribu tano, ikakataa. Saba, ikakataa. Kumi na moja, ikakataa. Nikaangalia huku na huku, nikaona wenzangu bado wameinama. Nikataka niwe wa kwanza kusimama, wanione mimi mtu wa Kabambare na viatu vyangu. Nikaandika kwamba 221 ni tasa, nikapeleka karatasi.

Jina langu halikusomwa. Padri msimamizi, mtu mpole, aliniambia nilikosa nafasi kwa swali lile moja, akaniwekea mkono begani. Afadhali angenitukana.

Nyumbani niliwakuta baba na mama wanamenya karanga. Nikaeleza yote, na kwa aibu nikalisingizia swali: namba yenyewe haigawanyiki, wazungu wametutega.

Sasa ujue, baba yangu ndiye aliyekuwa mgawaji wa nyama wa ukoo. Wawindaji wakirudi, yeye hutandika majani ya migomba na kuweka mafungu sawasawa, kila nyumba na rundo lake, na hakuna aliyewahi kunung'unika. Hakujua kusoma hata jina lake.

Akaniuliza, "Ilibakia ngapi?"

"Mia mbili makumi mbili na moja, baba."

Akahesabu karanga, moja moja, hata mama akaacha kazi. Kisha akaanza kuzigawa juu ya mkeka, kwa mkono uleule wa kugawia nyama, akizunguka na kuzunguka tena. Karanga zikaisha. Haikubaki hata moja. Kila rundo lilikuwa na kumi na saba.

"Hesabu marundo," akasema.

Sikuwa na haja ya kuhesabu. Nilikuwa nimeyaona marundo hayo tangu nanyonya.

"Nyumba zetu iko ngapi?"

"Kumi na tatu, baba."

"Na wewe ulijaribu kumi na tatu?"

Kumi na tatu niliiona ni namba ya majani ya migomba na damu ya swala, si ya karatasi. Mwacha asili ni mtumwa, wahenga hawakukosea. Baba hakunigombeza. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Nyama haishindwe kugawanyika. Ni mugawaji ndiye anachoka." Asubuhi yake akachukua jembe, akaenda kwenye pamba, nami nikamfuata. Alilima ile pamba mpaka alipokufa. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu, si shule.

Majuto ni mjukuu, na mimi wangu ameshazeeka. Tangu baba afe, mgawaji wa nyama ni mimi. Kila nikifika rundo la kumi na tatu mkono wangu unakuwa mzito, na watu wanadhani ni uzee.

Najua kesho unakwenda Kasongo kufanya mtihani wako. Sikiliza basi, halafu uniache nilale. Moyo ukikuambia "hapa hakuna njia tena", jaribu mara moja zaidi, maana kwangu ilibaki moja tu. Usisimame wa kwanza ili uonekane. Na ukikwama, usidhani ulichofundishwa nyumbani hakina kazi mbele ya karatasi, kiulize kwanza.

Haya, nenda. Mungu akulindie miguu njiani, na akupe mkono usiochoka kabla ya rundo la mwisho.