Mkalimani wa Nyumbani

Mama yangu aliishi Ilongero maisha yake yote, na Kiswahili alichosema kilikuwa cha salamu na cha kuuzia alizeti. Mke wangu ni wa Moshi. Kinyaturu, lugha yetu, hakijui, na mimi sikumfundisha. Nilikuwa nasema sina muda. Uongo. Nilipenda tu kukaa katikati yao, kila mmoja akinihitaji.

Mama alipougua tulimleta kwetu, Singida mjini. Kila jioni niliketi kando ya kitanda chake nikitafsiri. Mama akisema, "Mwambie mkeo uji wake ni maji matupu, na nguo zangu asizifue pamoja na za watoto," mimi nageuka na kusema, "Mama anashukuru." Mke wangu akisema amechoka, tangu asubuhi hajakaa, namwambia mama, "Anakuombea upone haraka." Nikajiona mwanaume mwenye busara, nimeleta amani nyumbani. Amani gani! Uji uliendelea kuwa maji, mke wangu akaendelea kukonda, na mama akaanza kugeukia ukutani kila nikiingia.

Siku moja nikiwa kazini, mama alimshika mke wangu mkono akaongea kwa muda mrefu, kwa Kinyaturu, maana hakuwa na maneno mengine. Mke wangu aliona ni mazito, akamrekodi kwenye simu ili nije nimweleze. Baada ya hapo mama alizidiwa, hakuongea tena. Tulimzika wiki hiyohiyo.

Msiba ulipoisha, watu wakiwa wametawanyika, mke wangu aliniwekea ile sauti. Tukakaa tunasikiliza.

"Mwanangu," mama alikuwa akimwambia, "huyu anatudanganya sote wawili. Mimi Kiswahili kukisema siwezi, ila kukisikia nakisikia. Siku zote nimekusikia ukisema umechoka. Pole, mwanangu. Nilitaka kukupa pole mapema, sikuwa na mtu wa kunifikishia. Lugha yetu jifunze, lakini kwa mtu mwingine, si kwake."

Nilijisikia aibu. Miezi yote ile wanawake wawili walikuwa wanatafutana ndani ya nyumba moja, na aliyewazuia ni mimi.

Mke wangu alikuwa ananitazama, machozi yanamlengalenga. "Anasemaje, baba watoto?"

"Amekuachia baraka," nikamjibu.

Akanishukuru.