Sahani Isiyo ya Kuazimwa

Mimi ni mpenzi mkubwa wa muziki wa jazi, ila siusikilizi. Wenye elimu ya mambo haya wanajua kwamba sindano ikigusa sahani ya santuri bei yake inashuka, na mimi ni mwenye elimu. Kabati langu hapa Ukunda lina sahani arubaini na mbili za zamani, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, na zote kimya. Mke wangu huniuliza kwa nini sikukusanya angalau kitu cha kuliwa.

Elimu yenyewe niliipata kwenye mnada wa mtandaoni. Huko watu wazima wenye akili zao, kutoka nchi za baridi, wanapandishiana bei ya vitu ambavyo shangazi zangu walifunikia mitungi ya maji. Sahani hupewa daraja kama mtoto wa shule: mbovu, nzuri, nzuri sana, kama mpya. Mkwaruzo unapunguza bei. Lakini dhambi kubwa kuliko zote ni kuandika kwenye lebo, ile karatasi ya duara iliyo katikati. Ukiandika hapo, nusu ya bei imekwenda, na wataalamu wanakusikitikia.

Mwaka jana, nikiwa ofisini Matuga nikilijenga taifa kwa simu yangu, niliona mnadani sahani ninayoijua tangu utotoni. Bei ilikuwa imefika ya mbuzi wanane wa Taru, wale wakubwa. Nyingine kama hiyo ilikuwa kwa mama, kule Waa, ndani ya sanduku la leso.

Marehemu baba alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja ya Diani. Hoteli ilipoacha santuri na kuhamia kwenye kanda za kaseti, alipewa sahani hiyo isitupwe. Enzi hizo majirani walikuwa wakiazima sahani kwa ajili ya harusi, na kilichokwenda harusini hakikurudi. Basi baba alichukua kalamu ya wino wa bluu akaandika juu ya lebo "Mali ya", likafuata jina la mama, na chini yake "Si ya kuazimwa". Kwa maneno hayo machache, baba alikuwa ameniulia mbuzi wanne.

Nilimwambia mama naichukua niifute vumbi. Sikusema uongo, vumbi lilikuwapo. Nyumbani nilichukua pamba na spiriti nikafuta herufi moja baada ya nyingine, nikijisifu kwa wepesi wa mkono wangu. Jina la mama ndilo lililokuwa gumu kutoka. Nilipiga picha, nikaiweka mnadani kwa daraja la nzuri sana, na siku ya tatu mtu mmoja wa ng'ambo alikuwa amefika mbuzi saba.

Hapo ndipo adabu iliponijia. Nilikwenda Waa kuomba ruhusa, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea sahani yangu?"

Alijifuta mikono, akaipokea, akaigeuza upande wa pili, akairudisha upande wa kwanza. Kisha akasogea nayo mlangoni penye mwanga.

"Hii siyo yangu."

"Ndiyo yenyewe, mama. Nimeisafisha. Sasa ina bei nzuri sana."

Nikamweleza habari za madaraja, mikwaruzo na watu wa ng'ambo. Nilieleza vizuri mno, kama mjinga aliyesoma. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako hakuniandikia barua hata siku moja," alisema. "Yeye yuko Diani na mimi niko hapa, barua ya nini? Aliniandikia hapo tu."

Niliona aibu. Nikasema nitaiondoa mnadani leo hii. Nikasema pia, Mungu anisamehe, kwamba naweza kutafuta kalamu ya bluu.

Mama alinirudishia ile sahani kwa mikono miwili, bila hasira yoyote.

"Iuze tu, mwanangu. Sasa ni ya mtu yeyote."

Sikuiuza. Ni mojawapo ya zile arubaini na mbili kabatini, na kila aliyewahi kuiona picha yake ameisifu lebo.