Nilifumua Kitambaa cha Mama Mkwe ili Nifume Pupe za Harusi

Nimekosa. Wala sikukosa kwa hasira, wala kwa njaa, wala kwa kusukumwa na mtu. Nilikosa nikiwa nimekaa kitini, miguu juu ya kigoda, kikombe cha chai pembeni, nikifumua polepole huku nikiimba. Kwa hiyo msinihurumie. Mkitaka kunicheka, mnicheke. Hata mimi najicheka, ila kicheko chenyewe kichungu!

Jina langu sitalitaja. Lubumbashi ni mji mkubwa, lakini habari zake hazihitaji pikipiki. Jueni tu kwamba nakaa mtaa wake mmoja uitwao Kenya, nimeolewa, nina mabinti wawili, na ninafuma kroshe.

Aka, na kroshe gani! "Si zile za bibi zetu," nilikuwa nasema. Mimi nafuma amigurumi, pupe, yaani wanasesere wadogo wa uzi wanaojazwa pamba tumboni: tembo mwenye shali, sungura mwenye miwani, hata nanasi lenye macho. Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za watu ambao lugha yao siijui. Pupe tatu tu nikajiita msanii. Mtu akiniuliza kama nafuma vitambaa vya meza, nilimtazama kama mtu aliyenitemea mate.

Ndipo mume wangu akamleta mama yake.

Mama Veronika alitoka Kambove, alikozikwa mume wake aliyefanya kazi mgodini. Miguu ilikuwa imeanza kumkataa, na mwanawe hakutaka akae peke yake. Alikuja na valizi moja ya nguo, ya zamani, na sindano ya kroshe nyembamba kama mwiba wa samaki. Yeye pia alikuwa anafuma! Alijifunza akiwa bibi arusi, kwenye fwaye, ile nyumba ambamo wake za wafanyakazi wa mgodi walifundishwa kushona, kupika na kufuma.

Wiki ya kwanza alifunika redio. Wiki ya pili, viti. Siku moja nikatoka chumbani nikakuta hata ndoo ya maji imevaa kofia.

Nilivyocheka! Nilipiga picha ile ndoo nikaituma kwenye kundi letu la wafumaji: "Tazameni, makumbusho yamehamia kwangu." Wakacheka nao. Tulikuwa wanawake tisa, wote tumesoma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumaliza shuka ya kitanda. Kazi yetu kubwa kuliko zote ilikuwa bundi asiyejaza kiganja. Lakini dharau tuliyokuwa nayo ingejaza godoro.

Yeye hakunicheka. Alikuwa anachukua pupe zangu, anazigeuza, anazibonyeza kwa kidole.

"Mutoto yangu, hii ya macho makubwa njo nini?"

"Ni pupe, mama. Inatoka ku Japon."

"Na inafanya kazi gani?"

"Haifanye kazi. Inapendeza tu."

"Aah. Iko inakaa tu." Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Nami niliona ananidharau. Mwizi huwaona watu wote wezi!

Sasa, ndani ya valizi yake mlikuwa na kitambaa kimoja ambacho hakukiweka juu ya kitu chochote. Kikubwa, rangi ya maziwa, safu kwa safu za maua madogo yaliyoshikana. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anakitoa, anaongeza safu moja au mbili, anakikunja, anakirudisha. Uzi wake ulikuwa wa pamba, laini, wa namna ambayo haionekani tena sokoni. Mume wake ndiye alimnunulia, zamani, mabunda mengi kwa mara moja.

Siku moja nilimuuliza, "Mama, ile napero ni ya meza gani? Meza kubwa vile hatuna."

"Haiko ya meza," akasema. "Ile iko ya safari yangu."

"Safari ya wapi? Kambove?"

"Mbali kidogo." Akatabasamu.

Niliingia jikoni nikajiziba mdomo kwa kitenge ili asinisikie. Mtu anasafiri na napero! Sikuuliza tena.

Baada ya Pasaka, Mama Veronika alikwenda Kasenga kumtazama binti yake Godeliva, aliyeolewa huko na mchuuzi wa samaki. Alisema atakaa wiki tatu. Valizi aliiacha chini ya kitanda, bila kuifunga. Kwa nini aifunge? Alikuwa nyumbani kwa mtoto wake.

Wiki hiyohiyo nikapata kazi ambayo wenzangu wote walikuwa wanaililia: pupe sitini za bibi arusi, ndogo kama kidole, za kugawia wageni kwenye karamu ya harusi ya watu wakubwa. Bibi arusi mwenyewe alinionyesha picha. Alitaka uzi wa pamba, rangi ya maziwa. "Ya nailoni sitaki," alisema. "Ile inang'ara kama mufuko ya plastiki." Mimi, mwenye kiburi, nikajibu kwamba nailoni hata mimi siigusi.

Nilizunguka soko zima. Nyekundu ipo, kijani ipo, nyeupe ya nailoni tele. Ya pamba, rangi ya maziwa, hakuna!

Mnajua nilikwenda wapi.

Nilijiambia nitachukua safu kumi tu, pembeni, hataona. Kroshe haina huruma: ukiachia kitanzi cha mwisho, kazi ya mwaka mzima inakufuata kama mbuzi anayevutwa kamba. Safu kumi zikatoa pupe nne. Nikachukua nyingine kumi. Siku ya tatu niliona kilichobaki hakina umbo tena, nikajiambia, basi, afadhali nimalize. Na nikamaliza! Nilifua ule uzi, nikautundika uani, kwenye kamba ya lupango, pamoja na nguo za watoto, nikautazama unavyokauka, nikaona nimefanya akili.

Kila mahali Mama Veronika alipounganisha uzi palikuwa na fundo dogo gumu, la namna nisiyowahi kuiona. Sikuwa na nafasi ya kuyakata. Niliyaficha matumboni mwa pupe, pamoja na pamba.

Harusi ikapita. Pupe zikasifiwa. Wenzangu waliandika kwamba nina mikono ya dhahabu. Mikono ya dhahabu!

Mama Veronika akarudi, akafungua valizi Jumapili. Halafu akaniita.

"Kitambaa yangu iko fasi gani?"

Nilikuwa nimeshaandaa jibu. "Mama, panya. Panya ilikula. Nilitupa kilichobaki, nilikuwa na haya ya kukuambia."

Alinitazama. "Panya ilikula yote? Haikuacha hata mavi?"

"Nilifagia, mama."

Akakaa kitandani. Akapitisha mkono ndani ya valizi, pembe kwa pembe, kama mtu anayetafuta pete. Kisha akasema, "Basi. Kosa ni ya miye. Sikufunga valizi muzuri."

Hapo ndipo ningesema! Mungu alinifungulia mlango mpana kabisa, na mimi nikapita pembeni. Nilimwambia, "Pole, mama," nikaenda kutia mchele majini.

Mume wangu alinunua mitego. Aliitega jikoni, chini ya kabati, chini ya kitanda cha mama yake. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipiga magoti kuitazama. Hakuna panya. Anabadilisha chambo, anaweka kipande cha samaki mkavu, anatega tena. Na mimi nilimshikia tochi! Mwezi mzima nilimshikia mume wangu tochi kumtafuta panya ambaye ni mimi.

Mama Veronika hakugusa sindano tena. Alikaa mlangoni, mikono mapajani, anatazama watoto wanavyopita. Jirani yetu Mama Biju alimwonea huruma. Yeye alikuwa amepika kwenye ile harusi, na alikuwa amepewa pupe moja. Siku moja mchana, mimi nikichambua mboga uani, akaingia nayo.

"Mama Veronika, kamata hii, ikupe furaha. Ni mukwe yako njo alifanya!"

Mawe, mama wee! Nikainamisha kichwa juu ya mboga.

Mama Veronika aliiweka ile pupe kiganjani. Aliipapasa sketi, akafumba macho, akaipapasa tena. Akaomba wembe. Mama Biju akampa kisu changu cha mboga. Akakata uzi shingoni, akaanza kuvuta, taratibu, na yule bibi arusi akayeyuka mbele yetu: kichwa, mabega, tumbo. Pamba ikamwangukia miguuni. Katikati ya ile pamba akaona fundo. Akalibana kwa kucha.

"Hii fundo njo ya nani?" akaniuliza.

Nikashika jani jingine la mboga.

"Hakuna muntu anafunga vile tena. Shiye batano ku fwaye njo tulikuwa tunafunga vile, na mu ile batano tunabakia bane." Akanyoosha ule uzi. "Mutoto yangu, ile kitambaa ilikuwa ya kunifunika siku bananitia mu sanduku. Wote tulianza pamoja, kila muntu yake. Bwana yangu njo alininunulia uzi. Alisema, anza mapema, ikuwe kubwa, ifike ku miguu."

Mama Biju alishika mdomo. Mimi nikapiga magoti kwenye maganda ya mboga, nikalia, nikasema nisamehe, nisamehe. Machozi ya aliyekamatwa, mnayajua yanavyotoka kwa haraka!

Jioni mume wangu aliambiwa. Hakupiga kelele. Alikwenda kukusanya mitego yote, mmoja mmoja, akaiweka mezani mbele yangu, ikapangwa pale kama sahani. "Uliniacha ninatafuta," alisema. Mpaka leo ananiita kwa jina langu la karatasi, kama karani.

Mama Veronika aliomba arudishwe Kasenga kwa Godeliva. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Nikaona nitengeneze. Nilianza kuzunguka mji kuzikusanya tena zile pupe. Nilipiga hodi kwa watu nisiowajua, nikiomba zawadi waliyopewa harusini. Mmoja alidhani nina wazimu. Mwingine alikuwa ameitundika kwenye kioo cha gari, akakataa. Moja ilikuwa imetafunwa na mbwa. Wenzangu wa kundi, wale wa mikono ya dhahabu, waliposikia walinitoa kundini bila hata neno. Nilikuwa nimewafundisha dharau vizuri. Nilipata pupe kumi na moja. Nikazifumua zote, nikazungusha bonge la uzi kubwa kama chungwa, nikapanda gari kwenda Kasenga.

Godeliva hakunipa kiti. Mama Veronika alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekonda, miguu imevimba. Nikamwekea lile bonge mbele yake. Akaliokota, akalipima kiganjani.

"Asante," akasema. "Lakini uzi, niko nayo. Ilibakia mabunda tatu, niliiacha huku kwa Godeliva. Njo nilikuya kuikamata ile safari ya Pasaka. Ungeniomba, ningekupatia, pupe zako zote zingetoka."

"Basi mama, nitakufumia mimi! Unionyeshe tu mfano, nitafuma usiku na mchana."

"Ile haifumwe na muntu ingine." Alisema bila ukali. "Uzi niko nayo. Miaka njo sina."

Alikuwa amekwisha kuanza upya, nikakiona kile kipande pembeni yake. Kilikuwa na upana wa mkono wangu.

Alifariki kabla ya mvua. Walimpeleka Kambove ili alale karibu na mume wake. Wale wanawake watatu wa fwaye walikuja, wamevaa vitenge vya sare, mmoja akishikwa mkono kwa sababu haoni. Walisimama karibu na sanduku wakingoja. Walikuwa wanangoja kitambaa. Badala yake ikatandikwa dantela, lesi ya nailoni ya dukani, bado ina mikunjo ya mfuko wake, na inang'ara.

Yule asiyeona aliipapasa, akavuta mkono. "Hii haiko yake. Yake iko fasi gani? Nilikuwa naijua, ilipita ya miye kwa uzuri."

Godeliva akajibu kwa sauti ya wote kusikia, "Panya ilikula." Akaninyooshea kidevu. "Panya njo huyu."

Watu waligeuka. Mabinti wangu walikuwa wamenishika mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto. Yule mkubwa akauachia mkono wangu.

Tangu siku ile, kwa wakwe zangu mimi ni Mama Panya. Wanasema hata simuni, hata mbele ya watoto. Nimeuliza padri kama nimesamehewa, akasema ndiyo. Mtoto wangu mkubwa sijamuuliza.

Bado nafuma, kwa sababu nyumba lazima ile. Watu wanasifu sungura wangu. Nawatazama wanavyosifu, nikiwaza: mngejua!

Ninyi wenzangu wa simu na video, mnaojiita wasanii kwa sababu mmeweza kumpa nanasi macho, nawaambia bila kuwabembeleza: hamjui kitu. Kama kwenu kuna mzee anayefuma, au anayeshona, au anayekunja kitu na kukiweka, na hujui ni cha nini, leo hii vuta kiti ukae karibu naye, umuulize. Akikujibu kwa mafumbo, muulize tena kesho. Na msiniambie mna kazi nyingi. Mimi pia nilikuwa na kazi.