Vinundu vya Kaliandra

Nyuma ya nyumba yetu Kinanira kulikuwa na korongo, na mi ni mwoga, nisifiche. Tulipohamia, kutoka ukuta wa chumba cha Mama mpaka ukingoni palikuwa na hatua ishirini. Masika ya pili choo cha jirani kilizama korongoni chote, mlango na bati, na tangu siku hiyo kila mvua ikikatika nilitoka kupima kwa miguu. Mama macho yake yana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya mkono wake. Akinisikia narudi ananiuliza kutoka kitandani, "Zimebaki ngapi?"

Zikiwa kumi nilisema kumi na mbili. Zikiwa nane nilisema kumi. Nilijiambia namtunzia moyo wake. Uongo mtupu huo. Angejua ukweli angesema tuhame, na jasho langu lote la kulima nyanya bondeni lilikuwa limeishia kwenye matofali yale. Tulikuwa wawili tu mle ndani, na hofu nilikuwa nayo peke yangu.

Agronomu wa zoni, bwana shamba wetu, ndiye aliyetuletea miche ya kaliandra kutoka pepinyeri, yaani kitalu cha miti, kila mche ndani ya kifuko cheusi. Alituambia tuipande mistari miwili ukingoni, mizizi itashika udongo. Mama alifurahi kama mtu aliyerudishiwa ujana. Amezaliwa kilimani huko ndani ya nchi, anapanda kwa kupapasa, na mistari yake inanyooka kuliko yangu mimi ninayeona. Kabla ya adhuhuri alikuwa amepanda saba upande wa jikoni. Kisha akaenda kuswali, akaniachia iliyobaki, ile ya kupanda mbele ya chumba chake.

Nikachana kifuko cha kwanza, nikasimama na mche mkononi. Mizizi ilikuwa na vinundu.

Mtu ambaye hajawahi kulima nyanya hawezi kuelewa. Vinundu kwenye mizizi ya nyanya ni kifo. Mi nilipoteza shamba zima kwa vinundu hivyo, mimea ikininyaukia huku nimeimwagilia maji. Nikachana kifuko cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile, na juu yake kuna nyuzi nyeupe kama ukungu wa mkate. Nikaminya kinundu kimoja kwa kucha. Ndani kilikuwa chekundu, chekundu cha damu. Nikasema A'udhu billahi, nikakitupa mbali.

Basi nikafanya ninalolijua. Nilichukua beseni, nikatia maji na jaweli, dawa kali ileile tunayong'arishia mashuka meupe, nikaosha mzizi mmoja mmoja mpaka ukawa msafi, nikakwangua vinundu vyote kwa kisu. Ndipo nikapanda.

Mama alirudi akanusa hewa. "Mbona nasikia jaweli?"

"Nimeosha ndoo, Mama."

Sijui kwa nini sikumwambia. Labda niliona aibu kuogopa kitu kidogo kama dengu.

Miezi ikapita. Miche saba ya Mama ilikua mpaka ikanipita kimo, majani mazito, maua mekundu. Yangu iliishia magotini, ya njano, majani machache kama nywele za mgonjwa. Mama akiniuliza inaendeleaje, namwambia vizuri. Anatabasamu, anarudi kulala kwenye chumba kilekile. Mi ndiye nilikuwa silali.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja nilipima mbele ya chumba chake. Hatua tano. Nikamwambia nane. Mchana wa siku hiyo agronomu alipita kuangalia miche. Aliinama, akang'oa mmoja wa kwangu, akautazama mzizi, kisha akanitazama mimi.

"Nani ameosha mizizi hii?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema ni mimi.

Hakunifokea, na ingekuwa afadhali anifokee. Akachimba kidogo chini ya mche wa Mama, akaonyesha vinundu vimejaa mizizini. Akasema ndani yake kuna wadudu wadogo, jicho haliwaoni. Mti unawapa sukari, wao wanauvutia mbolea kutoka hewani. Ule wekundu ni dalili kwamba wanafanya kazi. Zile nyuzi nyeupe nazo ni ukungu unaoutafutia mti maji na chakula mahali mizizi haifiki. "Wanaishi pamoja," akasema. "Wewe uliutenga mti na watu wake ukaupanda peke yake." Akaniambia nijaribu kuchukua udongo wa chini ya ile saba niuweke kwenye yangu, labda wadudu watahamia.

Agronomu alipoondoka tu, Mama akachukua lile beseni, akaenda kuchota udongo kwenye miche yake. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nilimwita arudi, akasema, "Wacha, mi najua njia." Akawa anakuja na beseni kifuani, mkono mmoja ukipapasa ukuta, kuelekea miche yangu. Alipofika mbele ya chumba chake akaacha ukuta, akaanza kushuka ukingoni, akijua ana hatua nane.

Niliona ardhi ikipasuka mbele ya miguu yake, ufa mwembamba unaokimbia. Nilimrukia, nikashika kitenge chake, nikamvuta tukaanguka wote ukutani. Miche yangu ilikwenda ikiwa imesimama, mstari mzima, na ilichukua muda kabla ya kusikia udongo ukifika chini.

Tulikaa pale tumelowa. Beseni bado lilikuwa mapajani mwake.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Mbili, Mama."

"Asubuhi uliniambia nane."

"Zilikuwa tano."

Alipapasa uso wangu kwa mkono wenye udongo, polepole, kama anayetafuta mtu anayemfahamu. Kisha akasema, "Ingia utoe godoro."

Sasa tunapanga chumba kimoja Musaga, mahali tambarare. Wanasema ile miche saba bado imesimama. Sitaki kudanganya tena, labda upande ule ardhi ilikuwa ngumu tu. Udongo wa beseni tulikuja nao, nimepanda maharage humo, na nikikuta kinundu sikigusi. Na Mama tunaelewana, tunakula pamoja, tunacheka. Ila mvua ikikatika haniulizi kitu. Anavaa kandambili zake, anatoka mwenyewe, anashika ukuta, na kwenye uwanja usio na korongo lolote anahesabu hatua kwa miguu yake.