Kamera Iliyokiona Choo

Juzi nilikuwa studio moja ya picha pale Kawangware, nikingoja picha zangu za kitambulisho, wakati mwenye ploti mmoja wa Gatina, mwenye nyumba za kupangisha, alipokuja kuchukua zake. Alizitazama, akazibwaga kwenye kaunta.

"Umeniharibia! Mimi na mama watoto tumekuwa moshi, lakini choo cha ploti nyuma yetu kinaonekana mpaka gunia la mlangoni!"

Mpiga picha, ambaye ni mpangaji wake, alikunja mikono. "Mzee, mimi nilikuja na kamera yangu ya kuzungusha lenzi kwa mkono. Ukasema hiyo ni ya babu, nitumie yako mpya inayojilenga yenyewe."

"Si imetoka Ulaya!"

"Nayo hulenga katikati. Nikawaambia msongeane. Ukasemaje?"

Mzee akakohoa. Kumbe alikataa kubanana na mkewe mbele ya wapangaji. Wakaacha nafasi ya heshima katikati, ya kutosha ng'ombe kupita, na kamera ikapita hapo hapo mpaka chooni.

"Sisi tumekuonyesha choo hicho mwaka mzima," mpiga picha akasema kwa upole, "ukasema hujaona shida yoyote."

Kwa hivyo, msomaji, ukiniuliza ununue kamera gani, nami nitakuuliza kwanza kama wewe ni mpangaji au ni mwenye ploti. Mpangaji na anunue ile inayojilenga. Mwenye ploti atafaidi zaidi na ya mkono: ataizungusha polepole, bila haraka, mpaka choo kipotee.