Sifuri Mbele ya Jina la Timotheo

Secilia hakuomba kuwa mtunza hazina wa klabu ya Mawingu. Walimfuata wenyewe. Alikuwa mpimaji wa majani ya chai kituoni, juu kidogo ya Mponde, na wakulima wote walijua kwamba mizani ikiwa mikononi mwake hakuna anayepunjwa wala anayependelewa. Basi mwaka wa sabini na moja, wanaume wa kamati walipokwisha kula fedha za jezi mara mbili mfululizo, waliona aibu kidogo, wakaenda kumbembeleza mama mwenye darasa la nane na mwandiko unaosomeka. Mumewe Tobia, aliyekuwa akifanya kazi msituni huko Sigi na kuja nyumbani mara nne kwa mwaka, alipopata habari alicheka, akasema wamejitafutia moto.

Moto waliupata. Hakuna aliyetoa senti sandukuni bila karatasi, na karatasi yenye sababu ya kijinga ilirudishwa ilikotoka.

Mwaka uliofuata Mawingu walimchukua golikipa Paskali kutoka klabu moja ya Korogwe kwa shilingi elfu moja na mia mbili, mkataba wa miaka minne. Hakuna aliyesema kwamba wamemnunua. Kununua mtu ni unyonyaji, na ofisi ya TANU ilikuwa hatua ishirini tu kutoka uwanjani. Ilisemwa ni fidia ya uhamisho, ingawa noti zilikuwa zile zile anazonunulia mtu ng'ombe. Secilia aliumiza kichwa namna ya kuziandika. Akiziandika zote mwaka ule, klabu itaonekana imefilisika. Mwisho akafuata desturi ya bondeni. Mtu akikodi kipande cha bonde kwa miaka minne ili alime kabichi, akalipa kodi yote kwa mkupuo, hawezi kusema kabichi za msimu wa kwanza ndizo zilizoimaliza. Anaigawa. Naye akamgawa Paskali: mia tatu mwaka huu, mia tatu mwakani, mpaka aishe. Mkaguzi wa wilaya alilisoma daftari lile akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Secilia alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kwa maringo.

Sasa ikaja Novemba ya sabini na nne, na zamu ya Timotheo, mwanawe mwenyewe.

Timotheo alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliucheza mpira kwenye ule uwanja wa mteremko, ambao ukiupiga vibaya unaufuata mtoni, kwa hiyo alijifunza mapema kutoupiga vibaya. Klabu moja ya kiwanda huko Tanga ilimtaka. Watampa kazi ya ghala na chumba, na kwa Mawingu watatoa fidia ya shilingi elfu tatu, mradi barua ya kumwachia iwafikie kabla ya mwisho wa mwezi. Secilia alifurahi. Ni mama gani asingefurahi? Alikuwa ameshaanza kumtafutia blanketi la safari kamati ilipoitwa.

Mwenyekiti Rajabu alikuwa mwenye bucha, mtu mnene, mcheshi, hodari wa kukupimia mfupa ukadhani ni nyama. Alilifungua daftari mwenyewe.

"Mama Timotheo," akasema, "andika. Mapato ya uhamisho, elfu tatu. Gharama ya mchezaji, sifuri. Faida, elfu tatu."

"Sifuri ya nani?"

"Ya Timotheo. Hatukumtoa popote. Amekulia hapa hapa, hakutugharimu kitu."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Rajabu akaendelea, kwa sababu alikuwa amelifikiria jambo hili kwa muda mrefu na lilimpendeza. Elfu tatu zile wataziandika zote mwaka huu. Halafu watachukua vijana wawili wa Zirai kwa elfu nne, watoe elfu tatu sasa na elfu moja baadaye, na hizo elfu nne wazigawe miaka minne kama mama alivyowafundisha. Mwaka huu daftari litaona elfu moja tu imetoka. Kwenye mkutano mkuu atasimama mbele ya Katibu wa TANU na kutangaza faida ya elfu mbili.

"Na sandukuni?" akauliza Secilia.

"Sandukuni mkutano hauchungulii."

Secilia aliielewa hesabu ile kuliko wote mle ndani, na ndiyo maana ilimuuma. Sanduku litakuwa tupu na lenye deni, huku daftari likinenepa. Tena kipimo alikuwa amewapa yeye. Lakini hata hilo angeweza kulibishania kwa utulivu. Kilichompandisha damu ni ile sifuri. Paskali alivunjika kiwiko mwaka jana na hadaki tena hata chungwa, lakini kwenye daftari bado ana thamani, maana alitoka Korogwe kwa noti. Mtoto aliyetoka tumboni mwake anaandikwa sifuri. Na sifuri hiyo wanataka ichorwe kwa mkono wake.

Alifunga daftari, akaondoka nalo. Kwa siku kumi na moja alikataa kuandika, na bila sahihi ya mtunza hazina barua ya kumwachia Timotheo haikuweza kutoka. Kituoni alipima chai bila kusalimiana na mtu zaidi ya inavyolazimu. Rajabu akaeneza maneno kwamba mama anataka kukatiwa fungu lake. Uongo mtupu, na aliyeusema alijua ni uongo. Secilia hakutaka hata thumuni. Alitaka wasiseme mtoto hakugharimu kitu, basi.

Siku ya kumi, Timotheo alimfuata jikoni.

"Mama, andika tu. Barua isipofika, kazi atapewa mwingine."

"Waandike kwamba uliokotwa?"

"Ni daftari tu, mama. Mimi si daftari."

Alimjibu kwa Kishambaa, maneno ambayo mtoto hatakiwi kuyasikia kutoka kwa mama Mlutheri, kisha akaona haya, akamwekea chakula.

Jumapili alipotoka kanisani alikaa na karatasi. Akaandika surua ya mwaka wa sitini na wiki mbili za wodini. Ada, sare, daftari, mafuta ya taa. Unga, maharage, magimbi, kwa makisio ya chini kabisa, miaka kumi na tisa. Ile miezi tisa ya mwanzo aliiacha, kwa kuwa hakuijua bei yake. Jumla ikafika elfu nne mia nane na kumi na mbili. Jioni ile ile akaingia kwenye kamati, akaisoma karatasi yote amesimama.

"Kwa hesabu hii," akamaliza, "mmemtoa kwa hasara ya elfu moja mia nane na kumi na mbili. Ndugu Mwenyekiti, tangaza hiyo mkutanoni."

Walicheka. Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa kofia, watu ambao mtoto yule aliwafungia mabao misimu minne kwa nguvu za magimbi yale. Rajabu aliwaacha wamalize.

"Mama Timotheo, hivyo vyote ulimpa mwanao, hukuipa klabu. Lakini nikuulize. Paskali ulimwandika elfu moja na mia mbili, na kila mwaka unampunguza. Yeye alizaliwa stendi ya Korogwe? Mama yake mbona hukumtengea mstari?"

Secilia aliikunja karatasi yake. Alikaa. Akachukua kalamu, akaandika sifuri, akatia sahihi, kwa sababu barua ilikuwa lazima iondoke na basi la Jumatatu.

Asubuhi, basi lilipokwisha kuondoka na barua, alipita kwenye stoo ya klabu. Paskali alikuwa akiishi humo humo kati ya nyavu na bendera za kona. Alimkuta akishona wavu kwa mkono ulio mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Paskali, mama yako anaitwa nani?"

Kijana alishangaa kuulizwa. "Alikuwa anaitwa Jenoveva."

"Alikuwa?"

"Alifariki mwaka jana, mwezi wa kumi. Alipougua niliomba nauli nikamwone, shilingi kumi na mbili. Ulinirudishia karatasi, mama. Iliandikwa fungu la safari limekwisha." Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja tarehe. "Barua ya msiba ilinifikia wameshamzika. Sikuwaambia watu."

Karatasi aliikumbuka. Alikumbuka hata kwamba aliipiga mhuri mara mbili, wa kwanza ulipofifia. Kuuliza nani anaumwa hakukumjia kabisa, maana fungu lilikuwa limekwisha kweli.

"Pole, mwanangu," akasema.

"Nimeshapoa, mama." Paskali alikata uzi kwa meno, akasita kidogo. "Nilikuwa nataka kukuuliza, wewe ndiye unayejua. Mwakani miaka yangu minne ikiisha, chumba hiki natoka siku ile ile, au mtanipa wiki?"