Somo la Tisa Halijafika

Nareyu hakuwa mchungaji wa kanisa wala mwinjilisti. Alikuwa mke wa Metui na mama wa watoto wanne, mtu wa kukamua, kuchota maji na kuziba paa kwa samadi mvua zikikaribia, kama wanawake wenzake wa kijiji chao cha juu Ngorongoro, upande wa Nainokanoka, ambako ukungu huamka kabla ya watu. Kilichomtenga nao ni miaka minne ya sekondari huko Karatu. Kijijini walimwita mwenye macho ya karatasi, na asikudanganye mtu, jina hilo alilipenda.

Jina jingine alilipenda zaidi. Siku alipoletwa hapo kuolewa, alisimama mlangoni mwa boma akagoma kuingia, kama desturi inavyomtaka bibi harusi, mpaka aahidiwe mifugo. Mjane wa boma la jirani, Namelok, akamtolea ndama jike mwekundu. Waliopeana ndama jike huitana Paashe, wote wawili, mpaka kufa. Kwa miaka kumi na minne ikawa Paashe umeamkaje, Paashe nigawie chumvi. Watoto wa Nareyu walikua wakidhani bibi yule hana jina lingine duniani.

Masomo yaliletwa na Metui. Yeye alikuwa mlinzi kwenye loji moja ya watalii Karatu, na huko alikutana na Mwalimu Emilian, mzee mstaafu aliyeendesha masomo ya Biblia kwa vijitabu. Vilikuwa kumi na viwili, vya unabii wa Danieli na Ufunuo, na havikutolewa vyote kwa pamoja. Unasoma kimoja, unatafuta mafungu, unajaza majibu kwenye nafasi zilizoachwa wazi, unachana ukurasa wa mwisho na kuurudisha. Mwalimu akishasahihisha kwa kalamu nyekundu, ndipo anakutumia kinachofuata. Kila jalada lilikuwa na onyo: Usiamue jambo kabla ya kurudishiwa majibu yako. Chini yake ilikuwepo namba ya simu ya mwalimu.

Basi kila Jumatano mchana, ng'ombe wakiwa malishoni, wanawake wanane, yeye akiwemo, walikusanyika nyumbani kwa Nareyu. Alisoma kwa Kiswahili, akaeleza kwa Kimaasai, wakabishana, naye akaandika jibu kwa niaba yao wote. Ile sanamu ya dhahabu yenye miguu ya udongo iliwachekesha. Wanyama waliotoka baharini waliwashangaza, maana hakuna aliyewahi kuiona bahari. Lakini walipofika kwa yule mpanda farasi mweusi mwenye mizani mkononi, ishara ya njaa, kicheko kilikata. Ukame mkubwa ulikuwa haujasahaulika, na mizoga waliyoiburuta nje ya maboma walikuwa bado wanaiota. Wiki hiyohiyo Mlima Lengai ulitoa moshi siku tatu mfululizo. Namelok aliutazama, akajifunga shuka vizuri, akasema, "Paashe, wewe soma haraka. Tujue kinachokuja."

Nareyu akasoma haraka. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Somo la nane lilihusu alama. Lilieleza juu ya utawala utakaowatia watu alama, wakubwa kwa wadogo, na asiyekuwa nayo asiweze kununua wala kuuza. Mwishoni kulikuwa na swali: Siku hiyo ikifika, wewe utafanya nini? Wanawake walitazamana. Nareyu akaandika kwa herufi kubwa, TUTAKATAA, akachana ukurasa, akampa dereva wa gari la mnada aupeleke Karatu. Jioni ile kila mmoja alirudi kwake bila utani wa njiani.

Kisha mvua ikanyesha kama iliyotumwa. Barabara ikakatika, magari hayakupanda tena wala kushuka. Jumatano ya kwanza somo la tisa halijafika. Jumatano ya pili halijafika. Siku iliyofuata, pikipiki moja ilitokea kwenye ukungu ikiwa imejaa matope mpaka kwenye usukani, na aliyeipanda alikuwa Adrian, mtaalamu wa mifugo. Alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akatangaza kwamba Jumatatu ng'ombe wote watachanjwa dhidi ya homa ya mapafu. Kila atakayechanjwa atavishwa heleni sikioni, yenye namba yake.

"Na asiye na heleni," akamalizia, "hataingia mnadani. Hatauzwa wala kununuliwa."

Nareyu alikumbuka somo la nane. Aligeuka akawaona wenzake wote saba wakimtazama yeye, wala si Adrian.

Walikusanyika kwake hapohapo, ingawa haikuwa Jumatano. Namelok ndiye aliyeuliza la maana, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na la kupoteza. Mume alikwisha kufa, na mwanawe wa pekee alikwenda pwani kutafuta kazi, akamwachia wajukuu wawili na ng'ombe kumi na mmoja waliosalimika kwenye ukame. Hao kumi na mmoja ndio waliokuwa chakula chake, ada ya shule na heshima yake.

"Paashe," akasema, "mbona ng'ombe wetu wamekatwa masikio tangu enzi za mababu? Kila ukoo na alama yake. Hii ina tofauti gani?"

"Ile ni ya ukoo. Hii ina namba, na bila hiyo huuzi wala hununui. Si tulisoma?"

"Tulisoma. Lakini hapo panazungumzwa watu, na hawa ni ng'ombe."

"Wanaanza na ng'ombe," Nareyu akajibu. "Baadaye watakuja kwetu."

Maneno hayo hayakuwa kwenye kijitabu. Yalimtoka mwenyewe, na alipoona yalivyowanyamazisha, aliyaamini.

"Kitabu kinasema tukatae?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba kitabu kiliuliza, na aliyejibu ni Nareyu. Badala yake akasema, "Kinasema."

Namelok akainuka. "Wewe ndiye mwenye macho. Wangu wataingia korongoni kesho."

Jumamosi Nareyu alipanda kilima cha mtandao, mahali pekee ambapo simu hushika, kumweleza mumewe. Metui hakumwacha amalize. "Ng'ombe wangu wachanjwe wote. Masomo ni yako, ng'ombe ni wangu. Umenielewa?" Alielewa. Alibaki pale kilimani na simu mkononi, salio lipo, mtandao upo, na namba ya Mwalimu Emilian ipo kwenye jalada la kijitabu alichokibeba kwenye mfuko. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini mtu akishazoea kuulizwa, kuuliza humtia haya. Alishuka.

Jumatatu ng'ombe wa Metui walisimama foleni wakachanjwa, wakavishwa heleni za njano, Nareyu akiwashika pembe kwa mikono yake na kumwomba Mungu msamaha kimoyomoyo. Alijifariji kwamba mke hana amri. Wanawake sita wengine, waume zao walikuwa nyumbani, na waume hawakuwa wanafunzi wa unabii. Katika wanane, aliyetii somo alikuwa mmoja tu. Ng'ombe kumi na mmoja wa Namelok walilala korongoni siku nne, na huko walikuta kundi geni lililofichwa na watu wa mbali, nalo lilikuwa linakohoa.

Barabara ilifunguka Ijumaa. Dereva wa gari la mnada alishusha bahasha iliyolowa pembeni, akaomba radhi: ilikaa garini majuma mawili kwenye matope. Ndani kulikuwa na ukurasa wa somo la nane. Pembeni ya TUTAKATAA kalamu nyekundu ilikuwa imeandika: Mtakataa nini? Msiharakishe. Someni la tisa kwanza, au nipigieni. Na somo la tisa, ukurasa wa kwanza kabisa, lilianza kwa kusema kwamba alama hiyo huhusu moyo unamtii nani, na kwamba mwanafunzi asiitafute kwenye ngozi, karatasi wala chuma.

Nareyu alisoma mara tatu. Alikimbia kwa Namelok, akaeleza yote bila kuficha, hata lile neno "kinasema." Namelok alisikiliza akikamua, hakugeuka. Kwa mbali, ndani ya zizi, ng'ombe mmoja alikohoa.

Adrian aliletwa, akatikisa kichwa. Chanjo humkinga aliye mzima. Kwa majuma saba walianguka mmoja mmoja, shingo zimenyooshwa kutafuta pumzi, na kila alfajiri Nareyu alisikia kikohozi kikivuka ua kabla hajafumbua macho, akajifunza kuwahesabu kwa sauti. Siku ambayo hakusikia kitu, alijua imekwisha. Jumatano hazikuwepo tena. Vijitabu alivifunga kwa kamba akavisukuma chini ya kitanda, la tisa likiwa halijajazwa hata jibu moja.

Metui aliporudi likizo, Nareyu alimpigia magoti akimwomba mtamba mmoja. Metui akakubali. Alfajiri iliyofuata Nareyu alivuka ua akimvuta kwa kamba mtamba mwekundu, mwenye mimba, heleni ya njano ikining'inia sikioni.

Namelok alikuwa amekaa nje ya zizi tupu, wajukuu wakinywa chai ya rangi pembeni yake. Alimtazama mtamba kwato hadi pembe.

"Ni uzao wa yule mwekundu wangu?"

"Ni mjukuu wake, Paashe. Nimemrudisha. Pokea."

Wote wawili walijua kwamba ndama wa urafiki harudishwi, na akirudishwa huondoka na jina lililokuja naye. Nareyu aliomba moyoni akataliwe, atukanwe hata, afukuzwe pamoja na mtamba wake. Mjukuu mdogo aliinua macho kutoka kwenye kikombe akakiangalia kiwele.

Namelok akanyoosha mkono, akaishika kamba.

"Asante, Nareyu," akasema.